Umeme Uliokatika Ghana: Kampuni ya Mizigo na Ulinzi wa Kompyuta Zake

Kontena lililofungwa lakiri halisemi lolote kuhusu kilichomo ndani yake. Ubavuni lina herufi nne na tarakimu saba, na hiyo tarakimu ya saba hutokana na hesabu inayofanywa juu ya zilizotangulia, ili karani aliyekosea kuandika alitambue kosa lake papo hapo. Mengine yote, yaani jina la mwenye mzigo, thamani yake, ushuru uliokwisha kulipwa, meli iliyouleta, lori litakaloupakia na geti utakalotokea, yamo ndani ya kompyuta. Simama katikati ya uwanja wa bandari wenye makontena elfu kadhaa yaliyopangwa matano kwenda juu, kisha zima kompyuta hizo. Utabaki na mabati.

Kwa hiyo, anayetaka kuidhuru kampuni ya usafirishaji siku hizi hana haja ya lori wala wapagazi. Inamtosha kuifanya kampuni isijue mzigo gani uko wapi na ni wa nani. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini ulinzi wake unategemea zaidi maswali mawili ambayo wauzaji wa programu za usalama hawapendi kuyazungumzia: moto ukiwaka utafika wapi kabla ya kuzimwa, na baada ya hapo utaanza tena kazi kwa kutumia nini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 27 Juni 2017. Siku hiyo skrini za kompyuta katika makao makuu ya Maersk mjini Copenhagen zilianza kuwa nyeusi moja baada ya nyingine. Kampuni hiyo ya Denmark, iliyokuwa ikimiliki karibu moja ya tano ya uwezo wa kubeba makontena duniani, haikuwa imelengwa na mtu. Shabaha ilikuwa Ukraine. Washambuliaji, ambao Februari 2018 serikali za Uingereza na Marekani zilitangaza kuwa ni jeshi la Urusi, walikuwa wamejipenyeza katika seva za watengenezaji wa M.E.Doc, programu ya uhasibu ambayo kampuni nyingi nchini Ukraine zilikuwa zikiitumia katika mambo ya kodi. Kupitia masasisho ya kawaida ya programu hiyo, walisambaza programu hasidi iliyokuja kuitwa NotPetya. Maersk ilikuwa na ofisi Odessa, nchini humo, na kompyuta moja ya ofisi hiyo ilikuwa imewekewa M.E.Doc. Moja ilitosha.

Inafaa kuelewa NotPetya ilivyotembea, kwa sababu mwendo wake ndio ambao programu nyingi hasidi zimeuiga tangu hapo. Ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ni udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikwisha kutoa sasisho la kuuziba mwezi Machi mwaka huohuo. Silaha ya kuutumia udhaifu huo ilikuwa ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ikaibwa, kisha ikamwagwa intanetini mwezi Aprili. Kompyuta zisizosasishwa zilikwama hapo. Mguu wa pili ndio uliowaangusha hata waliojiona wako salama: programu hiyo ilichokora kumbukumbu ya kompyuta iliyokwisha kuishika, ikachota nywila za watu waliowahi kuingia humo, kisha ikazitumia kuingia katika kompyuta za jirani, zikiwemo zile zilizosasishwa kikamilifu. Fundi aliyeingia asubuhi katika kompyuta ya karani kwa akaunti yake yenye mamlaka yote, akatengeneza printa na kwenda zake, alikuwa ameacha funguo za nyumba nzima juu ya meza.

Skrini zilidai dola 300 kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ili mafaili yaliyofungwa yafunguliwe. Hata hivyo, programu yenyewe ilikuwa imetengenezwa kwa namna ambayo mafaili yasingefunguka hata kwa aliyelipa, na kampuni iliyokuwa ikitunza anwani ya barua pepe ya wadai fidia iliifunga anwani hiyo siku hiyohiyo. Wanaoshauri kwamba kampuni iweke akiba ya fedha za kulipa fidia, na wapo wanaoshauri hivyo kwa uso mkavu, wangefaa kuanza kwa kueleza ni nani hasa aliyekuwa akilipwa hapo.

Vituo 17 kati ya 76 vya makontena vilivyokuwa chini ya Maersk viliguswa. Huko Elizabeth, New Jersey, malori yalipanga foleni mbele ya geti ambalo halikuweza kuyafungulia, kwa sababu geti lilikuwa likiuliza kompyuta na kompyuta haikuwa na jibu. Wafanyakazi walipokea maombi ya wateja kwa WhatsApp na barua pepe za binafsi. Mwenyekiti wa bodi wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza mwezi Januari 2018 mjini Davos kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 katika muda wa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. TNT Express, kampuni ya kusafirisha vifurushi iliyokuwa imenunuliwa na FedEx, iliingia katika mkumbo huohuo, na hasara yake ilikuwa kubwa kuliko ya Maersk.

Sasa tufike Ghana. Maersk ilikuwa na takriban seva 150 zilizotunza orodha ya nani ni nani ndani ya mtandao wake: mfanyakazi gani yupo, ana nywila ipi, anaruhusiwa kufungua nini. Bila orodha hiyo, seva nyingine zote hata zikifufuliwa ni nyumba zisizo na wenyewe, maana hakuna anayeweza kutambuliwa ili aingie. Seva nyingi za kawaida zilikuwa na nakala za akiba za siku tatu hadi saba zilizopita. Hizi 150 hazikuwa nazo, kwa sababu ilidhaniwa kwamba kila moja ni akiba ya nyingine: ikiharibika ya Singapore, ya London itajaza pengo. Hakuna aliyewaza kwamba zinaweza kufa zote kwa saa moja, na kwa kuwa zilikuwa zimeshikana mikono, zikafa zote isipokuwa moja. Ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, seva yake ikawa nje ya mtandao, na NotPetya ikaipita. Mtandao wa ofisi hiyo ulikuwa wa kasi ndogo mno kuweza kutuma data hiyo Uingereza kwa wakati, na wafanyakazi wake hawakuwa na viza, hivyo mmoja wao akasafiri hadi Nigeria kukutana uwanja wa ndege na mwenzake ambaye angeweza kuendelea na safari, akamkabidhi diski mkononi. Ufufuo wa kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote za makontena wakati huo ulipitia mfuko wa msafiri.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati. Mimi nakiona zaidi kuwa kisa cha neno moja lililoeleweka vibaya, yaani neno akiba. Kitu kinachobadilika papo hapo kila chenzake kinapobadilika ni kivuli chake, na kivuli hakiwezi kubaki mwenyewe akianguka. Nakala ya akiba inastahili jina hilo pale tu inapokuwa mahali ambapo mwenye mamlaka yote ya mtandao hawezi kuifikia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Mdukuzi aliyeingia hukaa ndani siku kadhaa, na mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kutafuta nakala hizo na kuziharibu kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa kampuni yenye malori thelathini na ofisi moja, jambo hili halihitaji mtambo wa gharama. Zinahitajika diski mbili za nje zinazopokezana: moja imechomekwa wiki hii, nyingine imefungiwa kabatini katika jengo lingine, na siku ya Ijumaa zinabadilishana nafasi. Zinahitajika pia nakala za mbali kwenye seva za kukodi, zikiwa na akaunti ya pekee ambayo nywila yake haifanani na nyingine yoyote, na zikiwa zimewekwa katika hali ambayo hazifutiki mpaka muda uliopangwa upite. Kisha inahitajika kazi ambayo wengi huiruka, nayo ni kuzijaribu. Chukua kompyuta tupu, shika saa, jaribu kuirudisha hifadhidata ya mizigo na ya ankara kutoka kwenye diski ile ya kabatini. Kama imechukua siku mbili, basi umejua kwamba shambulio litakugharimu siku mbili hata mambo mengine yote yakienda sawa. Kama haikurudi kabisa, umelijua hilo siku ambayo bado una kompyuta.

Anayedhani kwamba mikasa hii ni ya wakubwa peke yao aangalie kilichotokea Uingereza mwaka 2023. Kundi la KNP, lililokuwa na Knights of Old, kampuni ya malori iliyoanza miaka 158 kabla, lilishambuliwa mwezi Juni na wadai fidia wa kundi linalojiita Akira. Inaaminika waliingia kwa kubahatisha nywila dhaifu ya mfanyakazi mmoja. Data ya kampuni na njia za kuirejesha zilipotea pamoja. Septemba mwaka huo kampuni ilifunga milango, na watu takriban 700 wakapoteza kazi. Malori yalikuwepo, madereva walikuwepo na wateja walikuwepo. Kilichokosekana ni kumbukumbu za nani anadai nini, na benki haimkopeshi mtu asiyeweza kuonyesha vitabu vyake.

Nywila ile ingekuwa dhaifu vilevile na isitoshe kumwingiza mtu, lau kungekuwa na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani namba ya muda inayotolewa na simu au kifaa kidogo cha mkononi baada ya nywila kukubaliwa. Sijui kinga nyingine yenye gharama ndogo na faida kubwa kiasi hicho. Ianzie kwenye barua pepe, kwenye njia za kuingia ofisini ukiwa mbali, na kwenye akaunti za mafundi. Fundi naye awe na akaunti mbili: moja ya kazi za kila siku isiyo na mamlaka, nyingine ya kazi nzito inayotumika kwenye kompyuta maalumu peke yake, ili yale ya printa yasijirudie.

Hapa panahitaji neno kuhusu barua pepe, kwa sababu ushauri unaotolewa kwa watu wote hauifai sekta hii. Karani wa wakala wa forodha huambiwa asifungue viambatisho kutoka kwa asiowajua. Lakini kazi yake ni hiyo! Kuanzia saa mbili asubuhi anapokea hati za shehena kutoka Guangzhou, orodha za upakiaji kutoka Mumbai, ankara kutoka kwa wakala wa meli ambaye jana hakuwa akimfahamu, na kila moja inamtaka aifungue haraka kabla siku za bure za bandari hazijaisha na gharama za kuhifadhi kuanza kuhesabiwa. Kumwambia awe mwangalifu tu ni sawa na kumwambia mpishi asiguse moto. Jukumu ni la kampuni: viambatisho vifunguliwe kwanza na mfumo unaovijaribu mahali palipotengwa, programu za ofisi zizuiwe kuendesha amri zilizofichwa ndani ya hati, na kompyuta za makarani hao zisiwe na ruhusa ya kusimika kitu chochote.

Wizi unaowaumiza zaidi wasafirishaji wadogo hauhitaji hata programu hasidi. Mdukuzi huingia katika sanduku la barua la upande mmoja, akasoma mazungumzo kwa wiki kadhaa bila kugusa kitu, akajua ni mzigo gani unafika lini na nani anamdai nani. Siku ya malipo inapokaribia, hutuma ujumbe ndani ya mazungumzo yaleyale: ukaguzi wa hesabu umetulazimu kubadilisha akaunti ya benki, tafadhali tumieni hii mpya. Nembo ni ileile, sahihi ni ileile, namba ya hati ya shehena ni sahihi. Anwani ndiyo yenye kasoro, ikiwa kasoro ipo: herufi r na n zilizobanana zinasomeka kama m, na macho yaliyochoka saa kumi jioni hayawezi kuzitofautisha. Dawa yake haimo kwenye kompyuta. Badiliko lolote la akaunti ya malipo lithibitishwe kwa kupiga simu, tena kwa namba iliyokuwa ikitumika tangu zamani, kamwe isiwe ile iliyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe, na watu wawili watie sahihi kabla ya fedha kutoka. Mkurugenzi asiwe na ruhusa ya kuuruka utaratibu huo kwa sababu yuko safarini na ana haraka, maana huyo ndiye ambaye tapeli hupenda kujifanya.

Turudi kwenye moto na mahali utakapofika. Meli hujengwa kwa vyumba vilivyotengwa na kuta zisizopitisha maji, ili tundu moja lisiizamishe yote. Mitandao ya kampuni nyingi za mizigo ni ukumbi mmoja: kompyuta ya mhasibu, kamera za ghala, skana za mkononi, printa za lebo, mizani ya malori na simu za wageni vyote vimepata intaneti kutoka chombo kimoja, na vyote vinaonana. Mizani ndiyo hunitia wasiwasi kuliko vyote. Kompyuta yake ilinunuliwa pamoja na mtambo miaka mingi iliyopita, ina Windows ambayo Microsoft iliacha kuihudumia, na programu yake haifanyi kazi kwenye toleo jipya. Haisasishiki, na kuitupa ni kuitupa mizani. Basi itengwe: iwe na njia moja tu ya kupeleka uzito wa lori kwenye mfumo mkuu, isiwe na intaneti, isisomewe barua pepe, na milango yake ya kuchomekea diski ndogo izibwe. Kamera nazo ziwe peke yao, na nywila zilizotoka nazo kiwandani zibadilishwe siku ya kuzifunga, kwa sababu nywila hizo zimeandikwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo dunia nzima inaweza kuvisoma.

Barabarani hali ni hiyohiyo. Kifaa cha GPS kilichomo kwenye lori humwambia mwenye mali lilipo, na humwambia hivyohivyo yeyote mwenye nywila ya mfumo huo. Katika Ushoroba wa Kaskazini, mizigo inayopita Kenya kwenda Uganda na Rwanda hufungwa lakiri za kielektroniki zinazotoa taarifa ya mahali ilipo, jambo ambalo limepunguza ujanja mwingi wa njiani; lakini orodha ya magari, mizigo na saa za kupita ikimfikia jambazi, imemfanyia kazi ya upelelezi. Dereva aliyeacha kazi mwezi uliopita, je, akaunti yake imefungwa? Na simu iliyopotea ikiwa na programu ya kampuni, inaweza kufutwa kwa mbali?

Wanaotafuta data badala ya kuifunga huonekana kwa nadra, na labda ndio wa hatari zaidi. Kati ya 2011 na 2013, wauza dawa za kulevya waliajiri wadukuzi kuingia katika mifumo ya kampuni zinazofanya kazi katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Walificha kokeini na heroini ndani ya makontena ya wafanyabiashara halali, wakasoma mfumo kujua kontena limewekwa wapi, wakachukua namba za siri za kulitolea na kutuma lori lao kabla ya mwenyewe kufika. Ulinzi wa mtandao ulipoimarishwa, walivunja ofisi usiku na kupachika vifaa vya kunasa kila kitufe kinachobonyezwa, vingine vikiwa vimefichwa ndani ya vipande vya kawaida vya umeme, kama vile soketi za kuunganishia nyaya. Makampuni yalianza kushtuka pale makontena mazima yalipokuwa yakitoweka bila maelezo. Mlinzi wa geti la ofisi, kwa hiyo, ni sehemu ya usalama wa kompyuta, na msafishaji anayeuliza kile kidude kipya nyuma ya meza ni cha nani anastahili kusikilizwa.

Na hata ukiyafanya yote, bado unategemea kompyuta za wengine. Julai 2021 mifumo ya Transnet, shirika la serikali la bandari na reli la Afrika Kusini, ilipodukuliwa, kazi ya makontena Durban ilirudi kwenye karatasi, na mizigo ya Zambia na Congo inayopitia huko ikasubiri kama ya wenyeji. Julai 2023, katika bandari ya Nagoya nchini Japani, printa ilianza yenyewe kutoa karatasi ya madai ya fidia, na makontena yakasimama kwa zaidi ya siku mbili. Msafirishaji wa Mombasa au Dar es Salaam hana uwezo wa kuilinda seva ya bandari, ya forodha wala ya benki. Anaweza kuwa na fomu zilizochapishwa, daftari la mizigo iliyoko njiani linalochapwa kila jioni, na makarani wanaojua kuzijaza bila kuuliza mfumo.

Sheria nazo zimeingia. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka aliyevujiwa na taarifa za watu, pale zinapoweza kuwaletea madhara, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Tanzania ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Saa 72 huisha upesi sana kwa mtu ambaye bado anauliza ni kompyuta zipi zilizoguswa.

Linabaki suala la nani achomoe waya. Huko Copenhagen wafanyakazi walikimbia vyumbani wakizima kompyuta za wenzao, na bado ilichukua zaidi ya saa mbili kuutenga mtandao wote. DP World Australia, kampuni inayoendesha vituo vya makontena nchini humo, ilipogundua wavamizi tarehe 10 Novemba 2023, ilijiondoa yenyewe kwenye intaneti. Makontena kama 30,000 yalikwama kwa siku tatu bandarini na taarifa za wafanyakazi ziliibwa, lakini mafaili hayakufungwa, na Jumatatu malori yakaanza kutoka. Uamuzi wa aina hiyo unagharimu fedha nyingi kwa kila saa, na mtu wa zamu saa nane usiku hataufanya kama hana karatasi yenye sahihi ya mkurugenzi inayosema anaruhusiwa. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani pamoja na namba za simu za mafundi, za wakala wa bima na za wateja wakubwa, zikiwa zimeandikwa kwa wino, kwa sababu huko Maersk simu za mezani zilikufa pamoja na mtandao, na namba zilizokuwa zikihifadhiwa kwenye mfumo wa barua pepe zilifutika hata ndani ya simu za mkononi.